Chombo Kisicholala

Kwa miaka sita nilizunguka Ziwa Naivasha kwa mashua ndogo ya tanga, na muda wote huo mwalimu wangu alikuwa ubavu wa mashua yenyewe. Upepo ukizidi, inalala. Ikilala, tanga linalala nayo na upepo unamwagika kwa juu, na mwili wako unajua kabla ya akili kwamba ni wakati wa kulegeza demani, kamba inayolivuta tanga. Nilidhani huko ndiko kulijua tanga.

Kisha nikanunua katamarani. Ilikuwa Hobie 16 kuukuu, aina iliyoanza kutengenezwa Marekani: mitumbwi miwili myembamba ya urefu wa mita 5, imeungwa kwa fremu ya alumini na kitanda cha turubai katikati. Upana wake haufiki mita 2 na nusu, uzito ni kilo 145 hivi. Juu ya wepesi huo unasimama mlingoti wa mita 8, na matanga mawili yenye karibu mita 20 za mraba. Hesabu hiyo ingetosha kunionya.

Tuliishusha majini upande wa Ndabibi, magharibi ya ziwa. Mzee mmoja wa Vanga, aliyekulia kwenye ngalawa kabla ya kuja bara kufanya kazi ya mashamba ya maua, aliizunguka mara mbili, akapapasa ncha ya omo, pua ya chombo, kwa kiganja.

“Mwanangu,” akasema, “ngalawa ina matengo, nayo hailali ovyo. Hii pia hailali. Usingoje ikuambie kitu.”

“Nimesikia, Mzee,” nikamjibu. Nilisikia kweli, ila sikuelewa.

Asubuhi ziwa letu huwa kioo. Upepo huja mchana. Siku ile ulitoka upande wa Longonot. Nikaingia na mpwa wangu wa miaka 19, tukabisha dhidi ya upepo kwenda mashariki. Nikavuta demani hadi tanga likawamba kama ngozi ya ngoma, nikaielekeza omo karibu sana na upepo, kama nilivyozoea. Mashua yangu ya zamani ingepanda polepole, lakini ingepanda. Hobie 16 haina ubao wa kushusha majini. Kinachoizuia isiteleze ni umbo la mitumbwi yake, na umbo hilo hushika maji chombo kikiwa na mwendo tu. Basi omo inatazama Longonot, na sisi tunarudi Ndabibi kimbavumbavu. Kila nilipojaribu kugeuza nilisukuma usukani kwa nguvu, mitumbwi ikagoma kupinda, tukasimama usoni mwa upepo matanga yakipigapiga, kisha tukaanza kwenda kinyumenyume.

Dawa yake ni kuachia kidogo. Ielekeze omo mbali zaidi na upepo, legeza demani, acha chombo kikimbie kwanza. Hapo ndipo mtu anapokutana na jambo linalomchanganya kila anayetoka kwenye mashua: upepo wa mwendo. Panda bodaboda kutoka Kongoni kuja Ndabibi siku isiyo na upepo, utapigwa na upepo usoni. Katamarani nayo, ikishika kasi, upepo unaolifikia tanga husogea mbele, na tanga linahitaji kuvutwa kidogo. Kasi ikipungua, upepo unarudi nyuma, na usipolegeza upesi tanga linakabwa. Ndiyo maana mkono haufungwi kwenye demani ukasahauliwa. Kuna nyuzi za sufu zilizobandikwa pande zote mbili za tanga. Uzi wa upande unakotoka upepo ukichezacheza, vuta kidogo. Ukichezacheza ule wa upande wa pili, umekaza mno, legeza. Zikilala zote mbili sawasawa, umepata. Na unapogeuza, ingia ukiwa na mwendo, sukuma usukani taratibu, acha tanga la mbele lishikwe upande wa zamani mpaka upepo uivushe omo, na demani ya tanga kubwa uilegeze ili isikurudishe usoni mwa upepo.

Siku ile sikuyafanya hayo. Saa tisa tukachoka, tukageuka kurudi, upepo ukitupiga nyuma ya ubavu. Chombo kikaruka. Kelele zikaisha, mitumbwi ikaanza kuimba chini yetu, na mpwa wangu, aliyekuwa amekaa mbele karibu na mlingoti, akageuka akicheka.

“Mjomba, mbona hailali?”

“Ndiyo uzuri wake,” nikamwambia.

Jibu hilo linaniuma hadi leo. Nyuma yetu doa jeusi la upepo mkali lilikuwa linakuja juu ya maji, na nililiona. Nikangoja dalili ya ubavu, ambayo haikuja. Nguvu yote iliyokuwa ikimwagika kwenye mashua yangu ya zamani sasa ilikuwa inaikandamiza omo ya upande wa chini. Niliona maji yakipanda ukingo wake, kisha ule weupe wa mtumbwi ukawa kahawia chini ya maji, kama sahani inayozama kwenye beseni. Mkono wangu ukafanya ulichozoea miaka sita: ukageuza chombo kuukabili upepo. Kwa mashua ya mtumbwi mmoja, kufanya hivyo hupunguza makali. Kwa katamarani inayokimbia na upepo nyuma ya ubavu ni kuuongezea upepo makali na kuitupa nguvu ya kona juu ya omo ileile iliyokwisha kuzama. Tulisimama ghafla kama tumegonga ukuta. Nyuma ikainuka, mpwa wangu akarushwa akipita kwenye kamba za mlingoti, nami nikamfuata.

Mashua yenye mkuku mzito hujiinua yenyewe. Katamarani ikipinduka hutulia vilevile juu chini, na ziwa letu halina kina kirefu: nilisikia mlingoti ukigota, ukajichoma topeni. Kila wimbi lilitusukuma kuelekea mafunjo, na mle kuna viboko. Mpwa wangu alitaka kuogelea. Nilimshika ukosi wa jaketi okozi mpaka wavuvi walipofika na boti la injini, wakipiga kelele kutoka mbali: “Msiachie chombo!” Mdomo wake ulishonwa nyuzi nne.

Jumamosi iliyofuata Mzee alikaa nasi nyuma kabisa ya kitanda cha turubai, mahali ambapo tungepaswa kuwa, maana uzito wa watu nyuma ndio unaoinua omo. Doa jeusi likija tukiwa na upepo nyuma ya ubavu, alitaka demani ilegezwe kabla halijatufikia, na omo ielekezwe kule upepo unakokwenda. Tukiwa tunabisha, hapo ndipo aliponiruhusu kuukabili. Tanga nalo alilipima kwa upepo mkali kuliko wote wa saa ile, wala si kwa ule tuliokuwa nao. Hakunipigia kelele hata mara moja. Kila mara aliuliza tu, “Omo iko wapi?” nami nikitazama nyuzi ilinibidi nitazame pia ile ncha ya chini.

Saa nane na nusu akasema tushushe matanga. Kwetu Ndabibi maji yalikuwa bado yamelala. Mpwa wangu alimwangalia, Mzee akanyoosha kidole ng'ambo, chini ya Longonot, ambako ziwa lilikuwa limeanza kubadilika rangi.