Kuzuru na Kutalii: Auschwitz Mbele ya Umati

Auschwitz-Birkenau, kandokando ya mji wa Oświęcim kusini mwa Poland, ni kambi ambamo Wanazi wa Ujerumani waliwaua watu wapatao milioni 1.1 kati ya 1940 na 1945. Karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Mwaka 1947 kambi hiyo ilifanywa makumbusho kwa juhudi za watu waliokuwa wafungwa wake, na mwaka 1979 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2019 ilipokea wageni zaidi ya milioni 2.3. Mwaka mmoja ulipitisha langoni watu mara mbili ya wale waliouawa humo kwa karibu miaka mitano.

Machi ya mwaka huohuo, makumbusho yalilazimika kuwaomba wageni hadharani waache kupigwa picha wakitembea juu ya reli za Birkenau, sehemu ya kambi hiyo, kama watoto wanaocheza juu ya gogo. Reli hizo ziliingizwa ndani ya kambi mwaka 1944, ili mabehewa yaliyowabeba Wayahudi wa Hungaria yafike karibu na vyumba vya gesi. Zaidi ya watu 400,000 waliletwa kutoka nchi hiyo kwa muda wa wiki nane hivi, na wengi wao hawakumaliza siku waliyoshukia. Ombi kama hilo halikupaswa kuhitajika. Kwa kuwa lilihitajika, linazuka swali: je, linalofanywa na umati mahali hapo bado ni kukumbuka?

Utalii na kumbukumbu vinaeleweka kwa maana zake za kila siku. Tofauti yenye uzito ni ile ambayo Kiswahili kinaihifadhi kati ya kuzuru na kutalii. Hakuna asemaye kwamba ametalii kaburi la babu yake. Anayezuru kaburi huenda kwa ajili ya aliyelala pale. Anayetalii huenda kwa ajili ya macho yake mwenyewe.

Lipo pingamizi moja linalorudiwa kila umati unapolaumiwa kwamba unatalii badala ya kuzuru: heri mtu aje na simu yake kuliko asije kabisa. Linasikika kuwa la huruma, na ndiyo maana limeachwa lipite bila kupimwa.

Kwanza, linajifanya kana kwamba njia ni mbili tu, kuja ovyo au kusahau. Mamilioni ya watu wameyajua maangamizi hayo kwa vitabu, kwa ushahidi wa mahakamani na kwa sauti za walionusurika, bila kukanyaga Poland. Pili, linahesabu nyayo na kuziita kumbukumbu. Mjini Kraków huuzwa safari za siku moja zinazounganisha Auschwitz na mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Mgeni hutolewa penye tanuru za kuchomea maiti akapelekwa kwenye kumbi za chumvi kabla jua halijatua. Huyo amehesabiwa. Alichobaki nacho moyoni hakikuhesabiwa na yeyote.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, pingamizi hilo linadhani kwamba kuja hakugharimu kitu. Ngazi za majengo zimelika kwa miguu ya wageni, na mabanda ya matofali ya Birkenau, yaliyojengwa harakaharaka juu ya ardhi ya majimaji, yanahitaji kuokolewa yasianguke. Hata nia njema haizuii madhara. Agosti 2015, katika joto kali, makumbusho yaliweka mabomba ya kunyunyiza maji kuwapoza watu waliosubiri kuingia. Baadhi ya wageni Wayahudi waliumia mno, kwa sababu wahanga walipelekwa kwenye gesi wakidanganywa kwamba wanakwenda kuoga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wingi wenyewe wa watu uliizaa picha hiyo.

Mapingamizi mengine yana haki zaidi. Wafungwa walioanzisha makumbusho walitaka watu waje, na mahali panapoonekana kwa macho humjibu anayekana kwamba mauaji yalitokea.

Suala la kuchakaa linaufikisha mjadala kwenye nywele. Katika jengo namba 4 la kambi kuu zimewekwa nywele zenye uzito wa karibu tani mbili, zilizokatwa kwa wahanga. Nywele za aina hiyo ziliuzwa kwa viwanda vya Ujerumani kutengenezea nyuzi na vitambaa. Viatu na masanduku hutibiwa na wataalamu ili vidumu. Nywele hazitibiwi, kwa kuwa ni sehemu ya miili ya watu, na kupiga picha chumbani humo ni marufuku. Rangi zake zimefifia zikaelekea kijivu kimoja. Wapo wanaoona zingezikwa, kama mwili unavyostahili. Wapo wanaoona kuzizika ni kuuzika ushahidi. Kuziacha zichakae polepole ni kukiri kwamba baadhi ya vitu havikuwahi kuwa maonyesho.

Primo Levi, Mwitalia aliyefungwa Monowitz, tawi la Auschwitz, alirudi mwaka 1965. Aliandika baadaye kwamba kambi kuu iliyopangwa kimakumbusho haikumgusa sana; uchungu ulimshika Birkenau, ambako hakuwahi kufungwa lakini hakuna kilichobadilishwa. Ushuhuda wake unaelekea kusema kwamba mahali huzungumza pasipoandaliwa kwa ajili ya msikilizaji. Lakini Birkenau isingeachwa bila kuandaliwa na bado ikasimama, na umati usiowekewa njia ungeikanyaga hadi iishe.

Siku hizi mgeni huagiza nafasi na saa yake mapema, na nyakati za msongamano huingia na mwongozaji. Utaratibu huo hupunguza msukumano. Haumfanyi anayetalii kuwa anayezuru, wala hakuna mlinzi wa lango awezaye kuwatenganisha kwa kuwatazama.