Jina la Chuo

Mgonjwa mwenye homa kali hamwulizi daktari amesoma wapi. Anauliza, "Nitapona?" Lakini, ndugu msomaji, wanaouliza wapo: kamati ya ajira, mfadhili wa masomo ya ubingwa, na wakati mwingine baba mkwe.

Chukua habari ya Makerere. Mafunzo ya utabibu yalianza pale mwaka 1924, na vijana wa Afrika Mashariki wakafundishwa katika hospitali ya Mulago. Hata hivyo, hadi mwaka 1957 Baraza la Udaktari la Uingereza halikuitambua stashahada yao. Vijana wale walipasua, walizalisha, walitibu malaria na kifua kikuu, huku serikali ya kikoloni ikiwaweka chini ya Mzungu aliyesomea kwao. Je, siku Baraza lilipokubali, mikono yao ilibadilika? Kisu kilikuwa kile kile.

Sisemi kwamba jina ni upepo mtupu. Chuo kikongwe mara nyingi kina hospitali kubwa, na mwanafunzi wake huona magonjwa ya kila namna mapema. Hiyo ni faida ya kweli, ila inatokana na wagonjwa na walimu. Bugando ya Mwanza ilianza kufundisha madaktari mwaka 2003 tu, lakini wodi zake zilikuwa zikipokea wagonjwa tangu mwaka 1971.

Nionavyo mimi, kadiri mtu anavyokaa mbali na kitanda cha mgonjwa, ndivyo anavyolitegemea jina la chuo. Hana kitu kingine cha kumpimia daktari. Wauguzi wa zamu ya usiku hawana shida hiyo. Baada ya miezi michache wanajua ni daktari yupi wa kumwamsha mzazi anapovuja damu saa nane usiku. Bahati mbaya, hakuna kamati inayowaita kuwauliza.

Mpwa wangu amekosa nafasi Muhimbili, akapata katika chuo kichanga. Akaniuliza, "Mjomba, nikisoma huko si watanidharau?" Nilimjibu kwamba wapo watakaomdharau, hasa miaka ya mwanzo, na hasa akiomba kwenda ng'ambo. Sikuona sababu ya kumficha. Kisha nikamwuliza hospitali wanayofundishiwa ina vitanda vingapi, na mwalimu mmoja huingia wodini na wanafunzi wangapi. Hakujua. Alikuwa ameulizia sifa ya chuo kwa kila mtu mtaani, hata kwa kinyozi. Jumatatu alipanda basi kwenda kuiona hospitali yenyewe.