Mali Iliyotupwa Ziwani Yalipwa na Nani?

Huku kwetu Kasaji hatuna ziwa kubwa wala bandari. Twajua reli, mbuga na mito. Mtu akipotewa na gunia lake safarini, humtafuta mwizi. Lakini gunia likitupwa majini na watu wema, mbele ya mwenyewe, ili watu wote wasife, nani ataitwa mwizi? Na nani atalilipa? Swali hilo hatukulipata kitabuni, lilitukuta njiani.

Ilikuwa Julai 2019. Sisi na mwenzetu wa ndoa tulikuwa tumeweka nia siku nyingi kusali Kirungu, juu ya Moba, tarehe 21 Julai. Maana siku hiyo, mwaka 1917, ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri huko, mzalendo wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Tukapita Kolwezi, Kamina na Kabalo, kwa gari la moshi na kwa lori, tukafika Kalemie tumejaa vumbi. Kutoka hapo mpaka Moba ni kama kilomita 140 kwa njia ya ziwa. Tukapanda chombo cha mbao chenye mashine, watu 38 pamoja na mizigo tele.

Anayedhani ziwa ni maji yaliyolala hajaliona Tanganyika. Kina chake chapita mita 1,400, na tangu Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki hulipiga sana. Alfajiri maji ni kama kioo. Baada ya saa chache mawimbi yanachungulia ndani ya chombo. Kwa hiyo nahodha wetu alishika pwani, akiingia kila ghuba upepo ulipogeuka. Usiku wa kwanza tulilala kwa wavuvi, wakatupa bukari na ndagala. Karibu na rasi ya Tembwe tulikaa kutwa nzima chini ya miti, tukitazama povu jeupe. Mwenzetu alikuwa ametapika, akaufurahia mchanga ule kama kitanda. Sisi tulikuwa tukihesabu siku.

Tarehe 18 tuliingia Mpala. Ni mahali pa zamani: kapteni Storms, Mbelgiji, alijenga kituo hapo mwaka 1883, na miaka miwili baadaye kikakabidhiwa mapadri Weupe. Kaoze mwenyewe alisoma seminari hapo. Tulipaswa kufurahi, lakini upepo haukutulia, na Moba ilibaki mbali kilomita zipatazo 40 tu. Jioni ya tarehe 19 nahodha alisema: «Tutangoja. Mlisikia ya Mutambala.» Wote tulisikia. Meli hiyo ilizama ziwani humu Desemba 2014, wakafa watu zaidi ya mia moja.

Hapo ndipo sisi tulipokosa. Tulisimama kati ya abiria, tukanena vizuri, kama tulivyofundishwa kunena. Tukasema kwamba chakula chapungua, kwamba upepo wa usiku ni mdogo, kwamba Mungu hawezi kuwaacha watu waendao kusali. Mwisho tukataka watu wainue mikono. Ikainuka karibu yote. Mwenzetu hakuinua wake. Wala hakuinua mama mmoja mchuuzi, mwenye magunia sita ya chumvi aliyoyanunua Kalemie kwa mkopo. Alisema: «Chumvi yangu haina haraka.» Watu wakacheka. Nahodha aliiona mikono, akanyamaza, akaenda kutazama mashine yake.

Tuliondoka saa tisa ya usiku. Kulipokucha upepo ulitupata mahali pasipo ghuba. Maji yakaingia kuliko tulivyoweza kuyateka kwa ndoo. Nahodha akapaza sauti kwamba kilicho kizito kitoke, na kizito kilichokuwa mbele ni chumvi. Magunia mawili tuliyainua sisi kwa mikono yetu. Yule mama hakulia. Aliyahesabu moja moja yakizama. Mchana tulifika Moba sote wazima, kila mtu akashika furushi lake akaenda zake. Mama alibaki mchangani. Tulipomwuliza nahodha, alijibu: «Ziwa ndilo lililochukua.»

Neno hilo lilitupendeza. Seminarini tulisoma jinsi Mtakatifu Tomaso wa Akwino alivyolichunguza jambo hili hili, akimfuata Aristoteles: mtu atupaye mali baharini wakati wa tufani, je, atenda kwa hiari yake? Tukamweleza mwenzetu njiani kwamba hofu yapunguza hiari, na kwamba hakuna apendaye kutupa chumvi. Akauliza Tomaso alimaliza vipi. Ikatubidi kusema kweli: alimaliza akisema kwamba tendo hilo, likitazamwa peke yake, halipendwi na mtu, lakini saa ile, mahali pale, mtu amelitaka; kwa hiyo ni la hiari, ni lake. Mwenzetu akasema: «Basi, baba watoto, wewe uliinua mkono mara mbili. Mara ya kwanza Mpala, mara ya pili ziwani. Ile ya ziwani ulikuwa na hofu. Ile ya Mpala ulikuwa na hofu gani?»

Hatukupata jibu. Usiku ule tulikumbuka safari ya Paulo katika Matendo ya Mitume: jinsi alivyowaonya wasitoke bandarini, na jinsi wengi walivyoshauri watoke; kisha shehena ikatupwa baharini. Walikuwa watu 276, wote wakaokoka. Tulikuwa tumewafundisha watoto sura hiyo mara nyingi, kila mara tukijiweka upande wa Paulo.

Sheria nayo ipo, ya kale sana, iitwayo sheria ya Rhodes, ambayo Warumi waliipokea, na Kaisari Justiniano akaiweka katika kitabu chake kikubwa mwaka 533. Yasema kwamba mali ikitupwa kwa ajili ya wote, wote wachange kuilipa, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake iliyookoka. Hata mwenye mali hubeba fungu lake. Mabaharia wa mataifa mengi waishika hata leo. Ni sheria ya haki, nasi tulitaka kujificha ndani yake, kwani kwa hesabu hiyo fungu letu ni dogo: tulikuwa na sanduku moja na blanketi.

Lakini sheria ile yagawa hasara ambayo tufani imeileta. Hapa upepo ulikuwepo, ndiyo, na bandari ilikuwepo pia. Ikiwa watu walishawishiwa waiache, je, yule aliyewashawishi atalipa sawa na yule aliyenyamaza? Na mwenzetu, aliyekataa, je, anadaiwa, kwa kuwa uhai wake pia uliokolewa na chumvi? Sisi tulisema hadaiwi. Yeye alisema anadaiwa, akatoa kitenge chake kipya, kile alichokiweka kwa ajili ya Kirungu. Mpaka leo hatujapatana juu ya hilo.

Tarehe 21 hatukupanda Kirungu asubuhi. Tulizunguka soko la Moba tukiwatafuta abiria. Tuliwapata tisa. Wanne walitoa kitu, mmoja alitutukana, wengine walisema tukamdai nahodha. Nahodha alitoa faranga kidogo bila kuitwa. Sisi tukaongeza nauli yetu ya kurudi, ndiyo sababu tulikaa Moba wiki tano tukifyatua matofali kwa mtu mmoja.

Jioni tulimpelekea mama yule fedha, thamani ya magunia manne na nusu. Alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la kitenge. Kisha akatuuliza gunia moja na nusu liko kwa nani.