Joto la Maji Humwendea Nani

Mtu wa pwani akifika Mwanjelwa, katika jiji la Mbeya, asubuhi ya mwezi wa Julai, hushangaa kuona mitungi ikiuzwa. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wachuuzi wa viazi na wa ndizi za Tukuyu hujitanda vitenge viwili viwili, mikono ikiwa imefichwa kwapani, na maji ya bomba huuma vidole. Hapana hapo mwenye haja ya kupoza maji. Walakin vyungu na mitungi ya Wakisi hupanda mpaka masoko ya Mbeya kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Hutoka mikononi mwa wanawake wa Ikombe, ambao huvifinyanga bila ya gurudumu, wakavichoma kwa moto wa wazi, kisha vikapakiwa mitumbwini kupelekwa sokoni Lyulilo, karibu na Matema. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na kila kilichokuwamo kikaonja moto kwa mara ya kwanza, isipokuwa vyungu, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuuonja.

Ajabu ya mtungi ni kwamba hufanya kazi vizuri zaidi pale unapohitajiwa kwa uchache. Udongo wake una vitundu visivyoonekana kwa jicho. Maji hupenya humo polepole, yakafika nje, yakageuka mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Upepo mkavu wa kiangazi cha nyanda za juu huyachukua matone hayo haraka. Pwani, ambako hewa imekwisha kushiba mvuke wa bahari, matone huganda mgongoni mwa mtungi yakisubiri nafasi, na maji hupoa kidogo tu. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ili upendeze barazani haupozi kitu popote, kwani hakuna kinachoweza kutoka humo.

Ubaridi, basi, hauumbwi. Joto ndilo linalohamishwa, na likihamishwa lazima liwe na pa kwenda. Mtungi hulilipia kwa sehemu ya maji yake wenyewe. Swali linalostahili kuulizwa, na ambalo watu wa pwani wana sababu ya kuliuliza kuliko wengine, ni hili: mwenye bwawa la kuogelea uani kwake, msimu wa kaskazi ukalifanya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, anapotaka kulipoza, gharama yake humdai nani?

Pwani haikuanza leo kupenda maji ya kuogea. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, aliyaeleza mabafu ya kasri la Mtoni. Kidichi lipo hamamu lililojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said. Kasri la Maruhubi liliungua mwaka 1899, na mabirika yake yangali yapo, yamebaki baada ya mapaa. Lakini mabirika hayo yalikuwa ya watawala, na yalihesabika. Bwawa la uani ni jambo jingine. Limeenea Masaki na Msasani, Nyali na Malindi, na katika nyumba nyingi za wageni za mwambao wa mashariki wa Unguja. Mwenyewe si mtawala. Ni mtu aliyefanya kazi, akapata, akachimba.

Na atazame hesabu. Tuseme bwawa lake lina urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha mita 1.5. Hizo ni lita 75,000. Kuyateremsha maji hayo nyuzi tano tu kwa barafu kunataka zaidi ya tani tatu na nusu za barafu, na mchana unaofuata jua litadai chake upya. Ndiyo maana aliyewahi kutupa mapande mawili matatu ya barafu bwawani kabla ya karamu aliwapoza wageni macho tu.

Njia ya mtungi ni nafuu zaidi. Maji yakirushwa juu usiku kwa bomba la mrushio, au yakiachwa yatiririke kwenye ukuta na kurejea, sehemu yake hugeuka mvuke na kubeba joto. Lita moja inayopotea hivyo hutosha kuteremsha lita 580 kwa nyuzi moja. Kwa nyuzi tano za bwawa lile zitapotea takriban lita 650, yaani madumu 32 na zaidi ya yale ya lita 20. Mwenye bwawa hayaoni madumu hayo. Huona alama ya maji imeshuka kidogo chini ya kigae, akafungua bomba. Anayeyaona ni yule wa nyumba ya tatu, anayeyanunua moja moja kwa mwenye mkokoteni.

Methali husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chungu wa methali ni mdudu, na wazee waliisema kumtetea mdogo, kwamba kidogo chako kwake ni kingi. Lakini lugha imeweka katika neno hilo hilo chombo cha udongo na ladha ya shubiri, na mshairi husameheka akiona kwamba hapa maana zote tatu zimekutana kwenye ukingo wa bwawa moja.

Ipo njia ya tatu, ya mashine. Hufanya kazi kama friji: huchota joto majini na kulitupa hewani, pamoja na joto la umeme wake wenyewe. Katika miji ya Ghuba, ambako bwawa lisilo na kivuli mwezi wa Agosti halimpozi mtu tena, mashine hizo ni za kawaida, na hazikosi sababu. Mvuke wa bahari huko huufanya mrushio usifae sana, kama ambavyo mtungi haufai sana Unguja. Pepeo lake huelekezwa nje, na nje maana yake mara nyingi ni upande wa jirani. Yaliyomo ndani ya ukuta yakapoa, na uchochoro ukazidi joto. Mtungi huacha alama ya unyevu chini yake. Mashine huacha alama katika usiku wa mtu mwingine.

Sarufi ya Kiswahili ina msaada wake hapa. Kitu hupoa chenyewe: uji hupoa, hasira hupoa. Mtu akikipoza, kitenzi huridhika na mtendwa mmoja. Amepoza maji, basi, na sentensi imekwisha. Joto lilikokwenda halina kiti katika sentensi hiyo. Lakini sema kupozea, na papo hapo kauli hudai zaidi: amempozea nani, amepozea wapi? Kiambishi kidogo hicho huingiza watu na mahali. Wengi wa wapozaji wa dunia hii wangependa kubaki katika kupoza.

Mwenye bwawa ana majibu, na si haki kuyapita. Kwanza, maji ni yake. Amechimba kisima au analipa bili. Pili, umeme ni wake kwa hesabu hiyo hiyo. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, bwawa si anasa tupu. Watoto wa pwani na wa maziwa hufa maji kila mwaka kwa kutojua kuogelea, na bwawa ambalo mwenyewe hulifungulia watoto wa mtaa Jumamosi asubuhi limefanya kazi ambayo skuli nyingi hazina uwezo wa kuifanya. Mwenye kulaumu bwawa bila kuuliza nani anaogelea humo amelaumu vigae.

Jibu la bili, hata hivyo, halitoshi. Fedha hulipia maji yaliyoingia. Hailipii joto lililotoka wala zamu ya aliyekosa. Na watu wa Unguja walipata kufunzwa jambo hili kwa ukali. Mwezi Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari, ule unaoingia Fumba kutoka bara, ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010, takriban miezi mitatu, tena katika msimu wa joto kali. Friji zilinyamaza, na pampu za maji nazo zikanyamaza. Wenye majenereta walijipoza kwa moshi wa jirani. Wengine walijua kwa mara ya kwanza kwamba ubaridi wa jikoni mwao haukuwa wa jikoni mwao.

Ulikuwa wa wapi? Sehemu yake ilikuwa ya nyanda zile zile ambako Mwanjelwa imejiinamia kwa baridi. Mvua inyeshayo milima ya Uporoto na Kipengere huteremka kwa mito ya Chimala, Kimani na Mbarali mpaka bonde la Usangu, ikanywesha mpunga ambao mchele wake hupimwa kwa debe pale Mwanjelwa, ikaingia Ruaha Mkuu, ikafika Mtera, kisha Kidatu, na huko ikageuka umeme wa kupelekwa Dar es Salaam na kuvuka bahari. Siku hizi gridi ina gesi asilia, na ina bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mto ambao Ruaha Mkuu humwagia maji yake. Safari ni ndefu, na njiani kila mtu anakata lake. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, viboko wakabaki wakisongamana katika vidimbwi vya tope. Lilitafutwa la kulaumiwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondoshwa Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao, ijapokuwa walikuwapo wataalamu waliosema kwamba mashamba ya umwagiliaji yalichangia ukavu ule zaidi ya ng'ombe. Bwawa moja la uani halikaushi mto. Kusema hivyo kungekuwa uzushi. Lakini ni vyema ikumbukwe kwamba siku ya kuhesabu maji, aliyeanza kuhesabiwa alikuwa mwenye ng'ombe, na mwenye bwawa hakuwamo hata katika daftari.

Katika milima ya Omani, ambako maji ni haba kuliko Mbeya na Unguja pamoja, walipata kulitatua swali hili pasipo kumkataza mtu kuoga. Maji ya falaji, yaani mfereji unaoyaleta kutoka chini ya mlima, hupita kwa mpango: kwanza pa kuchota ya kunywa, kisha msikitini pa kutawadha, kisha mahali pa kuogea, na mwisho mashambani, ambako kila mwenye shamba ana zamu yake iliyopimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mifereji mitano ya aina hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wazungu wengi huisifu kwa uhandisi. Kilicho bora zaidi ni mpangilio. Kuoga kumepewa nafasi yake yenye heshima, na nafasi hiyo si ya kwanza. Anayejimwagia maji anajua aliyeko juu yake amekwisha kunywa, na maji yanayomtoka bado yana mtende yanaouendea. Maji ya bwawa la uani hayana yanakokwenda. Huzungushwa, huchujwa, hutiwa dawa, na mwishowe humwagwa barabarani usiku.

Inapofikia hapo, mtu hushawishika kuutawaza mtungi kuwa walii na bwawa kuwa fisadi. Mtungi nao una hesabu yake. Maji unayoyapoteza kwa ukarimu yalichotwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni msichana aliyeamka kabla ya alfajiri. Mzee wa nyumba anayesifu utamu wa maji ya mtungi anasifu pia shingo ambayo haimo katika sifa zake. Hata kivuli cha mwembe, ubaridi usiotozwa senti, hutoka kwa mti unaokunywa kutwa kucha. Tofauti iliyopo ni kwamba kivuli hakizuiliki ndani ya ukuta. Mwenye bwawa akipanda mwembe upande wa magharibi, jua la alasiri halitayafikia maji yake, na jioni kivuli chake kitakuwa kikianguka upande wa pili, kwa watoto wa uchochoroni, ambao hakuwapandia.

Mwanjelwa hapana shida hiyo. Mtungi ukilala uani usiku mmoja wa Julai, maji yake asubuhi huwa baridi mno, hata mama huyainjika jikoni kwanza kabla ya kumwogesha mwanawe. Anapuliza mkaa, macho yakimchonyota kwa moshi. Mkaa ule uliletwa mjini kwa baiskeli, magunia mawili kila safari, na aliyeuleta yupo barabarani bado, anaisukuma tupu kuurudia mlima.