MAMA ASIYEZAA AMEKOSA NINI?



Mama mmoja wa hapa Mpala alinijia akasema: “Baba shemasi, miezi mitano sioni siku zangu, na si mimba. Ndevu zinaniota. Mawifi wananiita dume. Usiku silali.” Nikamjibu: “Chunguza moyo wako, utubu.” Akaondoka akilia.

Baadaye muuguzi mmoja alinifundisha. Kuna ugonjwa ambao waganga wanauita SOPK. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zinazidi, na mayai hayakomai vema. Ndiyo sababu siku zinapotea, ndevu zinaota, mimba inachelewa. Shirika la Afya Duniani linahesabu wanawake 10 mpaka 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Wengi wakitibiwa wanazaa. Basi nilimtafutia dhambi mgonjwa.

Tena mwaka 2023 waganga wa nchi nyingi walikubaliana kwamba kila mwenye ugonjwa huu aulizwe pia habari ya huzuni na hofu, kwa maana zinawashika kuliko wanawake wengine.

Mtu atasema: “Maombi yanatosha.” Lakini mtoto akishikwa na malaria tunamwombea, na tunampeleka kwa munganga. Kwa nini moyo ukiugua tuombe tu?

Mwingine atasema: “Akizaa, huzuni itakwisha.” Na asipozaa je? Tukimheshimu kwa sababu labda atapona na kuzaa, bado tunampima kwa watoto. Kuhani Eli alimdhania Hana mlevi, kumbe alikuwa akimwaga uchungu wake. Lakini Elkana alimpenda tangu tumbo lake lilipokuwa limefungwa.

Huzuni ya mama huyu ina mizizi miwili: mmoja uko mwilini, mwingine uko midomoni mwetu. Ule wa kwanza una munganga wake. Wa pili hauna dawa Kalemie wala Ulaya. Ni sisi wenyewe tutakaoung'oa. Basi wakwe, acheni kudai mali irudishwe. Waume, fuataneni nao hospitali. Na mama akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe kwa munganga.

Mimi nilikwenda kumwomba msamaha. Alinyamaza sana. Kisha akanipa kiti.

Ndimi ndugu yenu, shemasi.