Nani Atengeneze Jiko?

Akina mama wengine huuliza: jiko la gesi likiharibika na bwana hana nafasi, je, mke akilitengeneza amemvunjia heshima?

Hatuoni hivyo. Moto ukiwa wa manjano na sufuria zikishika masizi, mara nyingi vijitundu vimezibwa na uji uliofurika. Funga mtungi, acha jiko lipoe, uvizibue kwa sindano. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi wala kiberiti. Harufu ikiisha, paka povu la sabuni kwenye paipu, ufungue mtungi kidogo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Paipu iliyopasuka hubadilishwa, haifungwi kwa kitambaa. Je, kazi hii yataka ndevu?

Papa Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mwanamke ana hadhi sawa na mwanamume. Basi bwana, ukikuta jiko linawaka, usinune. Kuwaacha watoto wavute gesi usiku kucha ili wewe uonekane fundi, hiyo ni heshima gani? Nawe mama, usimsimulie jirani kwamba bwanako hajui kushika bisibisi. Kama ana uzembe, mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, watoto wakishalala.