KIJANA, UNAIULIZA NINI ILE PICHA?

Mpendwa kijana, hebu simama kidogo usome.

Wewe unapenda muziki. Una gitaa, au unaazima la rafiki, na wimbo umekataa kuja. Halafu mtu anakuonyesha karata za taroti: mzee ameshika taa mlimani, mnara unapigwa na radi na watu wanaanguka. Mara sauti inaanza kichwani! Je, ni dhambi kuutunga wimbo huo?

Usikimbilie kujibu. Kwanza zijue hizo karata. Zilianza Italia ya kaskazini katika miaka ya 1400. Ziko 78, na watu walizichezea mchezo tu, kama mnavyocheza karata kijiweni. Kuzipigia ramli kulikuja kuenea kuanzia Ufaransa, miaka ya 1780. Kumbe karatasi ilikuwa karatasi. Mwanadamu ndiye aliyeanza kuiuliza habari za kesho!

Mwaka 1909 zilitolewa London karata ambazo picha zake zinajulikana sana hata leo. Mchoraji alikuwa mwanamke, Pamela Colman Smith. Sikia ajabu: mama huyu alikuwa akichora pia picha zilizomjia akisikiliza muziki. Kwake wimbo ulizaa picha. Kwa wengine picha imezaa wimbo. Mwaka 1975 Steve Hackett, mpiga gitaa wa bendi ya Genesis ya Uingereza, alitoa albamu iitwayo Voyage of the Acolyte, akitunga kwa kufuata karata za taroti.

Kwa hiyo sikudanganyi ati picha haiwezi kukupa wimbo. Inaweza. Paulo alipofika Athene alitembea akiangalia vitu vyao vya ibada. Akaona madhabahu ya mungu asiyejulikana, akapata mahubiri pale pale (Matendo 17). Lakini hakuchinja mbuzi juu yake! Alichukua mfano, ibada akawaachia wenyewe.

Hapo ndipo penye mpaka. Ukiutazama ule mnara ukaimba jinsi nyumba yenu ilivyovunjika baba alipoondoka, picha imekugusa, lakini machozi ni yako na wimbo ni wako. Ila ukichanganya karata na kuuliza, "Niende studio leo? Huyu mchumba atanifaa?" basi ndugu yangu, umeipa karatasi usukani.

Utasema, "Mimi nachezea tu." Hata mimi nilisema hivyo. Kabla sijaokoka nilipiga gitaa kwenye bendi ya dansi. Nilikwenda kwa mpiga ramli mara moja tu, nipate wimbo utakaopendwa. Mwisho wake sikuweza kupanda jukwaani bila kumwona. Siku moja akaniambia, "Leo usipige." Nikalala ndani, gitaa uvunguni, nawasikia wenzangu wanapiga ng'ambo ya barabara. Vidole vizima, roho imefungwa! Mfalme Sauli naye alikwenda usiku kwa mwanamke wa Endori kuuliza habari za vita. Alipopata jibu akaanguka chini, nguvu zimemwisha (1 Samweli 28).

Sasa jipime mwenyewe. Ichane ile karata leo. Ukiichana na wimbo ukabaki, wimbo ulikuwa wako. Ukiogopa kuichana, JE, NANI AMEMSHIKA MWENZAKE?

Kijana, kesho yako haimo katika karata 78. Iko mkononi mwa Yule aliyekupa sikio la kusikia muziki, naye hadai kuku wala hela ya siri. Muulize Yeye. Usiku huu, hata kama hujui kuomba, sema hivi tu: "Bwana Yesu, hii kesho yangu ninayoiogopa, ishike Wewe. Na wimbo wangu uwe huru."

Halafu chukua gitaa lako, upige.